Mjukuu Si Mkalimani wa Hospitali

Wewe uliyekulia Umoja, Pipeline ama Mlolongo, na kila Desemba unapakiwa kwa matatu na mikate miwili mapajani kwenda ushago, hii ni yako. Ni yako zaidi kama ushago kwenu ni Mbumbuni, kule Mbooni, Kaunti ya Makueni, ama ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui. Kuna kazi moja umeshawahi kupewa bila kuiomba, bila mshahara, na bila mtu kukuuliza kama unaiweza. Mathe anakwambia tu: "Nenda na susu hospitali, umsaidie kuongea na daktari."

Kwa wasio Wakamba, susu ni nyanya. Shosho, kama ulivyozoea mtaani.

Inaonekana kazi ya dakika tano. Susu anaongea Kikamba. Daktari anaongea Kiswahili cha mbio kilichochanganywa na Kiingereza. Wewe unakaa katikati yao. Lakini tuambiane ukweli kuhusu Kikamba cha wengi wetu: ni cha kuitikia salamu, kuomba chai, na kucheka wakati wengine wanacheka. Ukiambiwa umuulize susu kama maumivu yanachoma, yanadunga ama yanapigapiga, unabaki umekodoa macho. Basi unatafsiri unachojua, unaruka usichojua, na pale mezani daktari anaandika kila kitu kana kwamba ni susu amesema.

Mimi nasema hiyo kazi si yetu. Si eti hatupendi nyanya zetu. Ni kazi ya hospitali, kama vile kupima presha ni kazi ya hospitali, na hakuna siku umeambiwa uje na mashine ya presha kutoka nyumbani. (Glavu tunaambiwa tununue, naam, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.)

Hebu linganisha na kortini. Mtu akishikwa kwa kuiba kuku, akapelekwa mbele ya hakimu na hajui Kiswahili wala Kiingereza, kesi haiendelei hivi hivi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila kulipa kitu kama haelewi lugha inayotumika kortini. Ndiyo maana ukikaa kwenye benchi za nyuma utaona karani amesimama karibu na hakimu akigeuza maneno, Kikamba kwenda Kiingereza, Kiingereza kwenda Kikamba. Hakimu hasemi, "Si uko na mjukuu hapo nyuma? Aje atusaidie." Tungeona ni mzaha.

Sasa susu, ambaye hajaiba kuku wa mtu, anaambiwa anafaa kutolewa kizazi. Anawekewa fomu ya Kiingereza, anaonyeshwa mahali pa kuweka kidole gumba, na mkalimani wake ni mtoto wa kidato cha pili.

Na usidhani sheria imenyamaza. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake, gharama, hata haki yake ya kukataa. Halafu inaongeza kwamba, pale inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Hapo kwenye "pale inapowezekana" ndipo hospitali zetu zimejificha. Kortini mkalimani ni haki. Hospitalini ni tukipata mtu.

Wengine wataniambia simu itamaliza hii kitu, unaweka neno la Kikamba linatoka la Kiingereza, kwisha. Chukua neno moja tu, ngoo. Ngoo ni moyo, ule unaodunda. Lakini pia ndipo furaha inapokaa, na huzuni, na mawazo. Susu akisema ngoo yake haiko sawa, huenda anamaanisha moyo unaenda mbio akipanda kilima, na Mbooni ni vilima vitupu. Ama anamaanisha kwamba tangu umau azikwe hajawahi kulala usiku mzima. Ya kwanza inataka apimwe moyo. Ya pili inataka mtu avute kiti akae naye. Mjukuu anasema, "Anasema moyo unauma," na daktari anachagua mwenyewe ni upi.

Halafu kuna yale maneno tunayodhani tunaelewana kwa sababu kila mtu anayatumia. Presha. Mtaani presha ni kodi, ni mtihani, ni mtu anakuharakisha: usinipee presha. Susu naye analichukua hivyo hivyo, presha ni kitu kinachokuja na kwenda. Akikasirika imepanda, akitulia imeisha. Kwa hivyo dawa anameza siku kichwa kikiwa kizito, na siku akijisikia poa anaiweka akiba, maana dawa ni pesa. Ukimwita mkaidi unamkosea. Ameelewa vizuri kabisa kulingana na neno alilopewa. Hakuna aliyekaa naye akamwambia kwamba shinikizo la damu linaweza kuishi mwilini miaka na miaka bila dalili yoyote, huku linaharibu figo, macho na moyo, hadi siku ya kiharusi. Kumwambia hivyo ni zaidi ya kutafsiri. Kunataka mtu anayeujua ugonjwa na anayejua jinsi susu anavyoufikiria.

Sukari ni vile vile. Anaambiwa ana sukari, anaacha kuweka sukari kwa chai. Basi, amemaliza. Sahani ya muthokoi inabaki ile ile, imejaa hadi ukingoni, na Januari anakaa chini ya mwembe na kisu. Jamani, hii ni Makueni! Kuanzia Desemba hadi Machi maembe yanazidi watu wa kuyala. Lakini ile karatasi ya lishe anayopewa inamzungumzia tufaha na mkate wa kahawia, vitu ambavyo dukani kwa jirani havipo, na vikipatikana bei inakufukuza. Mtu anayeijua sehemu hii angeanzia shambani kwake. Angetaja ndengu, kunde, mbaazi, mtama, majani ya kunde. Angemwambia muthokoi apunguze mahindi aongeze maharagwe, sahani iwe kiasi gani, na embe ale kipande, si beseni. Watu wakisikia huduma ya afya inayoheshimu utamaduni wanafikiri ni daktari avae shanga na kucheza kilumi. Mara nyingi ni hiyo tu: kujua mtu anakula nini Januari.

Lakini kuna kitu ambacho hata Kikamba safi cha kuzaliwa nacho hakiwezi kuvuka. Tunakiita nthoni. Ni aibu na ni heshima kwa pamoja, ni ule umbali ambao watu fulani lazima waweke kati yao. Mkwe na mama mkwe hawaongei mambo ya mwili. Kwa desturi za zamani hata njiani walikuwa wanapishana kwa mbali. Sasa fikiria nani mwenye gari pale nyumbani. Mara nyingi ni mkwe. Yeye ndiye anampeleka mama mkwe hospitali na Probox yake, yeye ndiye yuko pale chumbani, na daktari, bila ubaya wowote, anamgeukia: "Muulize mara ya mwisho alienda choo lini."

Kwetu ilimpata binamu yangu. Alikuwa na miaka 15. Ana jina la umau, kwa hivyo susu humwita "mume wangu" kwa utani, na hao wawili ni marafiki wa kweli. Hospitali siitaji, ila haikuwa ya Mbumbuni. Daktari alimwambia, muulize kama anatokwa na damu sehemu za siri. Kijana akaangalia sakafu. Halafu akamuuliza susu kwa Kikamba kama yuko sawa. Susu akasema yuko sawa. Daktari akaandika hapana.

Miezi kadhaa baadaye, kituo kingine, muuguzi mmoja wa kutoka Kitui alianza kwa kumsalimia. "Wakya." Akangoja hadi susu aitikie "Aa." Wakaulizana ya mvua. Halafu akamtuma kijana nje akanunue maji, akafunga pazia, akauliza swali lile lile.

Susu akasema, tangu Pasaka.

Damu kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi ni dalili ambayo madaktari hufundishwa wasiipuuze, kwa sababu wakati mwingine nyuma yake kuna saratani. Yule daktari wa kwanza hakuwa mjinga. Aliuliza swali linalofaa, akampa mtu asiyefaa alibebe. Simlaumu binamu yangu hata kidogo. Ungefanya nini, ukiwa na miaka 15?

Na ile salamu usiipite haraka. Ilichukua kama sekunde kumi. Mtu mzima wa Kikamba ukimvamia na maswali kabla hamjasalimiana atakujibu, kwa heshima kabisa, na hatakwambia kitu.

Tuje kwa ile mada inayofanya watu wakunje uso. Waganga. Kwa Kikamba mganga ni mundu mue. Mchawi ni muoi. Hao ni watu wawili tofauti, mmoja unamwendea akusaidie, mwingine unamwogopa. Lakini mjukuu wa mjini akitafsiri, "alienda kwa mundu mue" inageuka "alienda kwa mchawi", na chumba kizima kinacheka. Baada ya kicheko hicho susu hasemi tena alipewa mizizi gani, alichemsha vipi, na kama bado anakunywa pamoja na tembe za sukari. Hiyo ndiyo habari daktari aliihitaji kuliko zote. Kuna mitishamba inayoshusha sukari ya damu, na ukiongeza tembe za hospitali juu yake sukari inaweza kushuka hadi mtu azimie.

Sisemi kila mganga ni mwema. Matapeli wapo, mabango yao yamejaa kwenye nguzo za stima kuanzia Machakos hadi Mombasa, wanarudisha mpenzi na kazi kwa wakati mmoja. Ninachosema ni kwamba susu mwenye ngoo nzito ataanzia kwa mundu mue ama kwa mwombeaji wa kanisa kabla hajafika hospitali, utake usitake. Swali ni kama hao watu wanajua siku ya kumwambia aendelee mbele.

Na hapa Makueni kuna walioanza kulijibu swali hilo. Watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, wakiwemo Profesa David Ndetei, Victoria Mutiso na Christine Musyimi, waliwakutanisha waganga wa kienyeji, waombeaji na wahudumu wa hospitali wazungumzie afya ya akili pamoja. Matokeo ya mazungumzo hayo yalichapishwa 2016. Pande zilikuwa hazijaaminiana, kama unavyoweza kukisia: hawa wanaona wanadharauliwa, wale wanaona wenzao wanachelewesha wagonjwa. Lakini walikaa, wakasikilizana, na baadaye waganga walifundishwa kutambua dalili za unyogovu, ile dipresheni, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Hakuna aliyemwambia mundu mue awe daktari. Aliambiwa: ukiona hivi na hivi, hii imezidi, mpeleke. Kazi kama hiyo imefanyika kwetu, kwa watu wetu, na mimi na wewe tunajua zaidi habari za wasanii wa Nigeria.

Kama bado unaona hii ni stori ya vijijini, twende Florida, Marekani. Januari 1980 kijana wa miaka 18 anayeitwa Willie Ramirez aliumwa kichwa vibaya, akapoteza fahamu. Familia yake ilikuwa ya Wakuba, wanaongea Kihispania, na hospitalini walitumia neno "intoxicado". Kwao lilimaanisha ameugua kutokana na kitu alichokula ama kunywa. Madaktari walilisikia kwa masikio ya Kiingereza: amelewa madawa. Wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya, wakati damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo wake. Aliishi, lakini amepooza mikono na miguu. Kesi ilipokwisha, malipo yalikadiriwa kufika dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila mtu mle ndani alidhani ameelewa.

Wamarekani ni watu wa kesi, kwa hivyo walijifunza. Kanuni zilizotolewa 2016 chini ya ile sheria ya afya ya Obama zinakataza hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu kumtegemea mtoto awe mkalimani, isipokuwa dharura ikiwa hakuna mtu mwingine. Kwa hivyo shangazi yako aliyehamia Minnesota akiugua leo, anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili na hospitali ikampata kwa simu. Dada yake aliyebaki Mbumbuni, kwenye ardhi ya babu zake, anatafsiriwa na mtoto. Soma hiyo tena.

Na usiniambie ni kwa sababu wao ni matajiri. Angalia Peru. Milimani huko Ayacucho wanawake wa Kikechua walikuwa hawaendi kujifungulia kwenye kituo cha afya. Walipoulizwa kwa nini, sababu zao zilikuwa wazi: wahudumu hawajui lugha yetu, tunalazwa chali wakati sisi huzaa tumechuchumaa, na watu wetu wanafungiwa nje. Mradi mmoja ukabadilisha hayo. Wakaweka kamba ya kushikilia na kiti cha chini, wakaruhusu mume na mkunga wa jadi waingie, lugha ya mama ikaheshimiwa. Mwaka 1999 waliojifungulia kituoni walikuwa 6 kati ya kila 100. Kufikia 2007 walikuwa 83. Kamba na kiti! Huku kwetu tulifuta malipo ya kujifungua kwenye hospitali za umma Juni 2013, jambo zuri sana, lakini bei haikuwa sababu pekee ya mama kubaki nyumbani.

Nikisema haya, kuna watu hukimbilia jibu moja: basi Makueni iajiri Wakamba peke yao. Hapana. Kwanza sheria haikubali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo, na mimi naiunga mkono. Muuguzi Mluo anayekesha na susu usiku mzima sitaki aende popote. Lakini kama sheria yenyewe inahakikisha kutakuwa na wahudumu wasiojua Kikamba, si kaunti ilipaswa kupanga ukalimani tangu siku ya kwanza? Isitoshe wagonjwa nao si Wakamba watupu. Kuna mwalimu kutoka Busia, kuna utingo wa lori aliyeanguka barabarani, kuna kiziwi ambaye Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwenye Kifungu cha 7 cha Katiba lakini pale mapokezi hakuna hata mmoja anayejua ishara ya "unaumwa wapi". Hata Kikamba chenyewe, cha Kitui na cha huku si kitu kimoja.

Jibu la pili ni pesa, na hapo nawaelewa. Daktari ana foleni hadi kwa geti. Lakini watu wa kuanzia nao tayari tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba na mkoba wa vifaa. Wanajua lugha, wanajua nani alifiwa, wanajua nani anaficha dawa chini ya godoro. Wachache kwa kila wadi wafundishwe ukalimani wa hospitali, walipwe siku wanapofanya kazi hiyo, na waapishwe kutunza siri.

Hiyo ya siri naisisitiza, kwa sababu huyo mhudumu ni jirani. Mko naye kwa chama, kwa kanisa, kwa foleni ya maji. Msichana wa miaka 17 aliyekuja kuuliza kuhusu HIV ama mimba hatafungua mdomo mbele ya rafiki wa mamake, hata wakimfundisha miaka kumi. Kwa hivyo mkalimani atoke kijiji kingine, ama bora zaidi awe kwa simu. Watu wachache wamekaa Wote na vipokea sauti masikioni, kituo chochote cha kaunti kinapiga, mgonjwa anaongea na sauti isiyomjua. Hapo hata nthoni inapumua kidogo.

Na hii ni kaunti ambayo imeshafanya makubwa kuliko simu. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, MakueniCare ilianza kutibu familia nzima kwa bob 500 kwa mwaka, na wazee wa zaidi ya miaka 65 bila malipo. Mwaka 2018 hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200 ikafunguliwa Wote. Makueni pia inasifika kwa mikutano ya kuwauliza wananchi wanataka nini kabla ya bajeti, kuanzia vijijini. Kwenye mikutano hiyo wazee wanaomba barabara, akina mama wanaomba maji, na sisi vijana tuko kwa simu. Huu unaweza kuwa mchango wetu wa kwanza, wa sentensi moja: tunataka mkalimani hospitalini, kama kortini. Sisi ndio tuna ushahidi, kwa sababu sisi ndio tumekuwa tukikaa kwenye hiyo benchi.

Kabla haijafika huko, kesho mathe anaweza kukutuma tena. Ukifika, mwambie daktari mapema, mbele ya watu wote, kwamba Kikamba chako ni kidogo, na uulize kama kuna muuguzi, karani ama hata mlinzi anayekijua vizuri. Haitakuwa aibu yako. Neno usilolijua usilibunie maana, litaje kwa Kikamba vile lilivyo ili liandikwe hivyo. Ukisikia maswali yanaelekea sehemu za mwili ambazo hamuwezi kuzungumzia, sema unatoka, na uombe mwanamke aingie. Fomu ambayo hakuna aliyemsomea susu kwa lugha yake isipate kidole gumba chake. Na kabla hamjaondoka, muombe susu aseme kwa maneno yake mwenyewe atameza nini, saa ngapi, hadi lini. Akikosea hapo, mko bado na daktari mbele yenu. Akikosea akiwa nyumbani, hakuna wa kumsahihisha.

Wewe uliye KMTC ama unayesomea udaktari, kuna daktari wa akili wa Marekani anayeitwa Arthur Kleinman, ambaye tangu 1978 yeye na wenzake wamekuwa wakisisitiza madaktari wamuulize mgonjwa mambo ambayo hayapo kwenye fomu: ugonjwa huu wewe unauitaje, unadhani umeletwa na nini, na ni kitu gani kuuhusu kinakuogopesha zaidi. Jifunze kuyauliza hayo matatu kwa lugha ya mahali utakapotumwa, hata kama matamshi yako yatawachekesha. Wakicheka, wameanza kuongea.

Nami nakusanya maneno kama ngoo. Kama kwenu kuna neno la ugonjwa ama la maumivu ambalo ukilitafsiri kwa daktari linapoteza maana, Kikamba, Kimeru, Kidigo, Kisomali, yoyote, niandikie hapo chini, pamoja na kile nyanya yako humaanisha akilisema.